Shajara ya mradi: diski sita, pariti mbili, saa kumi na nne

Siku ya 1: mahitaji

Kazi ni kujenga hifadhi ya mtandao ya mafaili ya ofisi, picha, video na nakala za kompyuta za watumiaji 12. Data iliyopo leo ni TB 9 na inaongezeka kwa TB 2 kila mwaka. Hifadhi inatakiwa ikae miaka 4 bila kuongezwa diski, kwa hiyo tunapigia hesabu TB 17. Snapshoti (nakala za hali ya mafaili kwa wakati fulani) tunazitengea asilimia 20 juu ya hapo, jumla TB 20.4.

Nafasi hii lazima iwe chini ya asilimia 80 ya ujazo wote. ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili unaosimamia diski nyingi kama ghala moja) na mifumo mingine inayoandika data mpya mahali papya hupata shida ghala likikaribia kujaa: nafasi huru inabaki vipande vipande, na kila uandishi unageuka msako. Ukigawa 20.4 kwa 0.8 unapata TB 25.5. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa baada ya kutoa pariti, yaani data ya ziada ya kujengea upya diski iliyokufa.

Watumiaji wameambiwa mapema kwamba RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, si bekapu. Inalinda dhidi ya tukio moja tu, diski kufa. Faili likifutwa kwa bahati mbaya linafutwa kwenye diski zote kwa mpigo, na programu hasidi ikifunga mafaili, pariti itayalinda mafaili hayohayo yaliyofungwa. Bekapu ina siku zake mbele katika shajara hii.

Siku ya 2: kuchagua mpangilio

Chasisi ina nafasi za diski 6. Diski zilizopo sokoni kwa wingi na kwa uhakika ni za TB 8. Mipangilio iliyowekwa mezani ni hii:

RAID 0 (data imetawanywa tu, bila pariti): TB 48, ulinzi sifuri. Imeondolewa bila mjadala.

Pariti moja (RAID 5, au RAIDZ1 kwa ZFS): TB 40. Inavumilia kifo cha diski moja.

Pariti mbili (RAID 6, RAIDZ2): TB 32. Inavumilia diski mbili, zozote.

Pariti tatu (RAIDZ3): TB 24.

Jozi tatu za pacha, kila diski na nakala yake (RAID 10): TB 24. Inavumilia diski moja kwa uhakika. Ya pili inategemea imekufa ipi.

Kwa kigezo cha TB 25.5, pacha na RAIDZ3 zimeanguka hapohapo. Hata hivyo pacha tuliipigia hesabu kamili, kwa sababu wengi huichukulia kuwa ndiyo salama kuliko zote, na dhana hiyo inahitaji kupimwa.

Kipimo tulichotumia ni kipindi cha kujenga upya: tangu diski ya kwanza kufa hadi diski mpya ikamilike. Diski ya TB 8 inayosoma kwa wastani wa MB 160 kwa sekunde inahitaji sekunde 50,000 ili isomwe yote, yaani karibu saa 14. Hapo ni endapo hakuna mtumiaji anayeigusa. Kwa saa zote hizo diski zilizobaki zinafanya kazi nzito kuliko siku yoyote ya maisha yao, na mara nyingi zina umri uleule na zimetoka kundi moja la kiwandani na ile iliyokufa.

Wakati Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walipoandika kuhusu RAID mwaka 1988, diski ndogo waliyoipigia hesabu ilikuwa na ujazo wa takriban MB 100. Kuisoma yote lilikuwa jambo la dakika. Ujazo umekua mara makumi elfu, kasi haikukua kwa kiwango hicho, na dirisha la hatari likapanuka kutoka dakika hadi karibu siku nzima. Kwa hiyo pariti moja iliyotosha zamani haitoshi kwa diski za leo.

Tatizo la pili ni sekta zisizosomeka. Watengenezaji huandika kiwango kwenye karatasi ya sifa za diski: kosa moja lisilorekebishika kwa kila biti 10^14 kwa diski nyingi za kawaida, au 10^15 kwa diski za seva. Biti 10^14 ni TB 12.5 tu. Hesabu zetu:

Pariti moja: kujenga upya kunasoma diski 5 × TB 8 = TB 40, sawa na biti 3.2 × 10^14. Kwa kiwango cha 10^14 tunatarajia makosa 3.2, na uwezekano wa kumaliza bila kosa lolote ni asilimia 4 hivi. Kwa 10^15 uwezekano huo ni asilimia 73.

Pacha: kunasomwa diski moja tu, TB 8. Kwa 10^14 uwezekano wa kumaliza salama ni asilimia 53, na kwa 10^15 ni asilimia 94.

Pariti mbili: zinasomwa TB 40 zilezile, lakini bado pariti moja iko hai. Sekta isiyosomeka inarekebishwa na kazi inaendelea.

Kiwango hicho cha karatasi ni mpaka wa chini anaouahidi mtengenezaji, na diski nzima kwa kawaida hufanya vizuri kuliko hapo. Kwa hiyo asilimia 4 isisomwe kama utabiri. Isomwe kama ulinganisho kati ya mipangilio, na ulinganisho wenyewe hauyumbi: katika kipindi cha kujenga upya, pacha na pariti moja zote zimebaki bila kinga, pariti mbili bado inayo.

Kuhusu diski ya pili kufa: kwenye pacha zenye diski 6, ya kwanza ikishakufa zimebaki 5, na moja kati ya hizo 5 ikifa ghala lote limekwenda. Ni uwezekano wa asilimia 20 kwa kila kifo cha pili. Kwenye RAIDZ2 hakuna diski ya pili inayoua ghala.

Pacha inashinda kwa kasi ya maombi ya kurukaruka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inasubiri wastani wa milisekunde 4.17 za nusu mzunguko, ukiongeza takriban milisekunde 8 za mkono kusogea unapata maombi 80 hivi kwa sekunde. Kundi zima la RAIDZ2 linatoa karibu kiasi cha diski moja, kwa sababu kila bloku imegawanywa kwenye diski zote. Jozi tatu za pacha zinatoa mara tatu kwa kuandika na hadi mara sita kwa kusoma. Kwa mashine pepe na hifadhidata tofauti hiyo inaumiza, kwa hiyo hizo zimetengewa SSD mbili pacha, mbali na diski hizi. Kwa mafaili makubwa ya mfululizo, mtandao wa gigabiti 2.5 hauwezi kupitisha zaidi ya MB 312 kwa sekunde, na diski nne za data zinaujaza bila jasho.

Kuna pendekezo lililokuja la pariti moja kwa diski 5 na diski ya sita kukaa ikisubiri ndani ya chasisi. Limekataliwa. Diski inayosubiri inaanza kuandikwa baada ya kifo, na saa 14 zinahesabiwa kuanzia hapo. Pariti ya pili tayari imeandikwa kabla ya kifo. Umeme ni uleule, nafasi ni ileile, ujazo ni uleule wa TB 32, lakini kinga ni tofauti kabisa.

Uamuzi: RAIDZ2, diski 6 za TB 8. Ujazo TB 32, asilimia 80 yake ni TB 25.6, juu ya TB 20.4 zinazohitajika. Mfumo wa uendeshaji utaionyesha kama TiB 29 na ushei kwa sababu unahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichopotea hapo.

Siku ya 3: vifaa

Kontrola: kadi yenye chipu ya SAS2008, milango 8, iliyowekewa programu ya ndani ya kupitisha diski moja kwa moja bila RAID yake. ZFS inahitaji kuiona diski yenyewe. Kadi inayoficha diski nyuma ya RAID yake huficha pia makosa yake, na ikifa unahitaji kadi ya aina ileile ili kusoma data.

Kadi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali. Kwenye chasisi tulivu huchemka na kuanza kutoa makosa ya ajabu kwenye diski zote kwa pamoja. Feni ndogo ya milimita 40 imefungwa juu ya kipoza joto chake.

Kebo: ni za SFF-8087 kwenda SATA nne, aina ya kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Ipo aina ya kinyume inayofanana nayo kwa macho, ya kutoka milango ya SATA ya ubao kwenda kwenye chasisi. Ukifunga hiyo, diski hazionekani kabisa na utaishia kuilaumu kadi. Soma maelezo kabla ya kuagiza.

Pawasaplai: diski moja ikianza kuzunguka huvuta hadi ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Diski 6 kwa pamoja ni ampea 12, wati 144, juu ya mahitaji ya ubao na prosesa. Kadi imepangwa iwashe diski kwa zamu.

Viunganishi vya umeme vilivyotengenezwa kwa plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya vimekataliwa. Nyaya zake hukaribiana ndani ya plastiki, zikagusana, na plastiki ikashika moto. Tumechukua vile ambavyo kila waya umebanwa kwenye pini yake.

RAM: GB 32 yenye ECC, inayorekebisha biti zilizogeuka. ZFS inakagua data iliyo kwenye diski, lakini biti iliyogeuka ndani ya RAM kabla ya hesabu ya ukaguzi kufanyika itaandikwa kama ukweli.

Siku ya 4: diski zimefika

Zimeagizwa kwa wauzaji wawili, tatu kwa tatu, ili zisitoke zote kundi moja. Namba za mfululizo na tarehe za kutengenezwa zimeandikwa kwenye jedwali, na kila diski imebandikwa lebo yenye tarakimu nne za mwisho mahali zinaposomeka bila kuitoa. Siku ya dharura, lebo hiyo ndiyo itakayozuia diski nzima kuchomolewa badala ya iliyokufa.

Kwanza tulihakikisha si za SMR, zile ambazo njia za data hulaliana kama vigae vya paa. Diski ya aina hiyo ina eneo dogo la kawaida la kupokelea data, kisha huipanga upya ikipata nafasi ya kupumua. Kujenga upya hakuipi pumzi. Eneo likijaa kasi huporomoka, kazi ya saa inakuwa ya siku, na wakati mwingine diski huchelewa kujibu kiasi cha kutupwa nje ya ghala. `lsblk -o NAME,ZONED` haisaidii hapa, kwa kuwa diski hizi hujificha na kuandika `none`. Dalili nzuri zaidi ni hii:

`hdparm -I /dev/sda | grep -i trim`

Diski ya sahani inayokubali TRIM (amri ya kuiambia diski nafasi ipi haitumiki tena) ni ya kushukiwa. Zetu hazikubali, na karatasi za mtengenezaji zinasema ni za CMR, zile ambazo njia hazilaliani.

Diski mbili hazikuzunguka kabisa. Si mbovu. Diski nyingi mpya hutumia pini ya tatu ya umeme wa SATA kama swichi ya kuzima, na pawasaplai yetu inapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo. Kebo isiyo na laini ya volti 3.3 imemaliza tatizo.

Siku ya 5 hadi ya 10: kuzitesa diski

Diski hufa zaidi zikiwa changa na zikiwa zimezeeka. Bora ife sasa, ikiwa tupu. Kwa kila diski:

`smartctl -t long /dev/sda`
`badblocks -b 4096 -wsv /dev/sda`
`smartctl -t long /dev/sda`

Amri ya pili inafuta kila kitu. Inaandika mipangilio minne ya biti na kusoma kila mmoja, yaani mapito 8 ya diski nzima. Saa 14 mara 8 ni siku 4 na nusu na zaidi kidogo, diski zote zikiendeshwa sambamba. Usisahau `-b 4096`: bloku ya kawaida ya programu hii ni baiti 1,024, na idadi ya bloku za diski ya TB 8 kwa kipimo hicho inazidi biti 32, hivyo inagoma kuanza.

Baada ya hapo zinaangaliwa sifa za SMART (kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea) namba 5, 197, 198 na 199. Tatu za kwanza zinatakiwa ziwe sifuri. Diski ya nne imeonyesha 8 kwenye 197, yaani sekta zinazosubiri kuhamishwa. Wako watakaosema sekta 8 si kitu kati ya mabilioni. Kwa diski mpya ni kitu. Imerudishwa kwa muuzaji, nyingine imepita mtihani uleule tangu mwanzo, na ratiba ya mradi imesogea.

Sifa ya 199 ilikuwa inapanda kwenye diski ya pili. Hiyo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na kontrola, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni kebo. Imebadilishwa, namba imesimama. Haitarudi sifuri kamwe, kwa hiyo thamani ya sasa imeandikwa kwenye jedwali ili isije ikamshtua mtu baadaye.

Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 43 kwenye diski ya katikati. Inakubalika.

Siku ya 16: muda wa diski kukata tamaa

Diski ikikutana na sekta ngumu hujaribu kuisoma tena na tena. Diski za mezani zinaweza kung'ang'ania dakika mbili na zaidi. Kerneli ya Linux husubiri sekunde 30, kisha huona diski imekufa na kuiwasha upya laini yake. Hivyo ndivyo sekta moja inavyofukuza diski nzima. Angalia na uweke:

`smartctl -l scterc /dev/sda`
`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`

Namba 70 ni sekunde 7. Diski nyingi husahau mpangilio huu umeme ukikatika, kwa hiyo amri imewekwa kwenye hati inayoendeshwa kila mashine inapowaka. Diski isiyokubali kabisa amri hii inapewa muda mrefu upande wa kerneli:

`echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`

Siku ya 17: mdadm au ZFS

mdadm, programu ya RAID ya Linux, ni imara na hatuna ugomvi nayo. Hoja iliyoamua ni uharibifu wa kimyakimya. Ukaguzi wa mdadm ukigundua data na pariti hazikubaliani, huongeza hesabu kwenye `mismatch_cnt`, na ukiamuru irekebishe, kwa RAID 5 na 6 huandika upya pariti ili ilingane na data. Ikiwa data ndiyo iliyoharibika, sasa pariti nayo imekubaliana na uharibifu. ZFS ina hesabu ya ukaguzi kwa kila bloku, hujua ni diski ipi inayosema uongo, na huirekebisha kutoka kwa nyingine.

Hoja ya pili ni tundu la uandishi: umeme ukikatika kati ya kuandika data na kuandika pariti, RAID 5 na 6 za kawaida hubaki na mstari usiolingana. RAIDZ haiandiki juu ya mstari wa zamani, kwa hiyo tundu hilo halipo.

Ya tatu, mdadm hujenga upya diski yote hata ikiwa karibu tupu. ZFS hujenga data iliyopo tu.

Siku ya 18: kuunda ghala

`zpool create -o ashift=12 -O compression=lz4 -O atime=off -O xattr=sa -O acltype=posixacl ghala raidz2 /dev/disk/by-id/ata-…` (diski zote 6)

Majina ya `/dev/disk/by-id/` yanabeba namba za mfululizo. Majina ya sda na sdb hubadilika mashine ikiwaka na ni mtego siku ya dharura.

`ashift=12` ni sekta za baiti 4,096. Diski nyingi hudai zina sekta za 512 kwa ajili ya programu za zamani. Ukikosea hapa, diski italazimika kusoma, kubadilisha na kuandika upya kwa kila uandishi mdogo, na hakuna amri ya kurekebisha. Ghala linaundwa upya.

Ukubwa wa bloku unagusa pia nafasi. RAIDZ2 hutenga sekta kwa mafungu ya 3. Bloku ya KB 128 ni sekta 32 za data. Kwa diski 6 inahitaji sekta 16 za pariti, jumla 48, inagawanyika kwa 3, hakuna kilichopotea. Bloku ya KB 8 ni sekta 2 za data na 2 za pariti, jumla 4, inasukumwa hadi 6. Data imebaki theluthi moja ya nafasi iliyoliwa. Anayeweka diski pepe zenye bloku ya KB 8 juu ya RAIDZ2 hushangaa ghala likijaa mara mbili ya alivyotarajia, na sababu ni hiyo. Kwa video na picha tumeweka `recordsize=1M`, mengine yamebaki 128K.

Siku ya 19 na ya 20: kulivunja kwa makusudi

Ghala limejazwa data ya majaribio ya TB 2, pamoja na orodha ya `sha256sum` (hesabu ya utambulisho) ya kila faili.

Jaribio la kwanza: diski ya tatu imechomolewa wakati faili linaandikwa. Uandishi ulisita sekunde kadhaa ukaendelea. `zpool status` ikaandika DEGRADED. Barua pepe ya onyo haikufika. Huduma ya ZED, inayotuma maonyo ya ZFS, ilikuwa inaendeshwa lakini anwani ya barua kwenye `zed.rc` ilikuwa bado imefungwa kwa alama ya maoni. Imewekwa, jaribio limerudiwa, barua imefika. Pariti mbili bila onyo ni kusubiri tu diski ya tatu ife bila mtu kujua.

Jaribio la pili: diski mbili kwa wakati mmoja. Mafaili yote yamesomeka, hesabu zote zimelingana.

Jaribio la tatu: diski ileile ikirudishwa, ZFS hujaza tu yaliyoandikwa ilipokuwa nje, jambo la dakika. Kupima ujenzi wa kweli diski imefutwa kwa `zpool labelclear -f`, kisha `zpool replace`. Data halisi ya TB 9 itakapoingia, kila diski itabeba takriban TB 2.25, na kwa MB 140 kwa sekunde ujenzi utachukua saa 4 na nusu. Ghala likizeeka na data kutawanyika muda utaongezeka.

Jaribio la nne: uharibifu wa kimya. Diski moja imemwagiwa takataka katikati ya eneo lenye data:

`dd if=/dev/urandom of=/dev/disk/by-id/ata-…-part1 bs=1M seek=20000 count=2000 conv=notrunc oflag=direct`

Fanya hivi kabla data halisi haijaingia, si baada. Baada ya `zpool scrub ghala`, yaani ukaguzi wa ghala zima, safu ya CKSUM (makosa ya hesabu ya ukaguzi) ya diski hiyo ilijaa makosa, za wengine zilibaki sifuri, na mstari wa mwisho ukasema hakuna kosa la data linalojulikana. Orodha ya hesabu imelingana faili kwa faili. `zpool clear` imefuta kumbukumbu za makosa.

Siku ya 21

UPS (betri ya akiba ya umeme) imeunganishwa kwa USB, programu ya NUT inaizima mashine betri ikifika kiwango cha chini. Waya umechomolewa ukutani, mashine imejizima yenyewe vizuri.

Siku ya 22: SLOG imeombwa, haikuwekwa

SLOG ni SSD ya pembeni ya kupokelea uandishi. Husaidia uandishi unaodai uthibitisho wa papo hapo tu, kama NFS (njia ya kugawana mafaili) ya mashine pepe. SMB, njia ya kugawana mafaili ya ofisi, kwa kawaida haidai. Isitoshe SSD yake lazima iwe na kapasita za kuokoa data umeme ukikatika, la sivyo uthibitisho wenyewe ni ahadi hewa.

Siku ya 24 na ya 25: bekapu

Mashine ya pili ina diski 3 za TB 12 kwa RAIDZ1, TB 24. Ndiyo, ni pariti moja, ileile tuliyoikataa siku ya pili. Huku inakubalika kwa sababu data yote ipo kwingine: ikifa wakati wa kujengwa, inatumwa upya. TB 9 kwa gigabiti 1, takriban MB 110 kwa sekunde, ni karibu saa 23.

Snapshoti: 24 za kila saa, 30 za kila siku, 12 za kila mwezi. Mashine ya bekapu ndiyo inayoingia kwenye hifadhi kuu na kuvuta, kwa akaunti iliyoruhusiwa kupitia `zfs allow` kutuma na kushikilia snapshoti tu. Hifadhi kuu haina ufunguo wa kuingia kwenye bekapu. Mvamizi akiitwaa hifadhi kuu, hana njia ya kwenda kufuta huko.

Mitego mitatu imejitokeza. Wa kwanza: upande wa kupokea usipowekewa `readonly=on`, kitu kidogo tu hubadilika huko na utumaji unaofuata hugoma ukidai lengo limebadilishwa. Wa pili: snapshoti ya mwisho ya pamoja ikifutwa upande wa kutuma, utumaji wa nyongeza hauwezekani tena na unaanza TB 9 upya. `zfs bookmark` huacha alama isiyokula nafasi inayotosha kuendelea.

Wa tatu ndio wa hatari. `zfs send -R` ikikutana na `zfs receive -F`, snapshoti zisizokuwepo upande wa kutuma hufutwa upande wa kupokea pia. Bekapu inakuwa kivuli mtiifu cha hifadhi kuu, hadi kwenye kufutwa. Hatutumii `-F` kwenye ratiba. Kila mashine inapogoa snapshoti zake kwa ratiba yake.

Nakala ya tatu ni diski ya nje iliyofungwa kwa ufunguo, inakaa jengo jingine, inabadilishwa kila mwezi.

Urejeshaji: mafaili 200 yaliyochaguliwa bila mpangilio yamerudishwa kutoka kwenye mashine ya pili, 200 kutoka diski ya nje. Yote yamelingana.

Siku ya 28: data halisi imehamia

TB 9 zimeingia, ghala limefika asilimia 28. Ubanaji wa data wa lz4 umepunguza nyaraka, video hazikupungua, kama ilivyotarajiwa. Diski za zamani zimezimwa na hazitafutwa kwa siku 60.

Siku ya 35: maelekezo ya zamu

Karatasi moja imebandikwa ndani ya mlango wa chasisi. Ina jedwali la nafasi na namba za mfululizo, na hatua za kubadilisha diski: soma `zpool status`, linganisha namba na lebo, `zpool offline`, chomoa, weka mpya, `zpool replace`, subiri, hakikisha hali ni ONLINE. Chini yake kwa herufi kubwa: USITUMIE `zpool add` KUBADILISHA DISKI. Amri hiyo huiweka diski mpya kama kundi jipya la diski moja kando ya RAIDZ2. ZFS huonya kwamba viwango vya ulinzi havilingani, lakini mtu mwenye haraka huongeza `-f`. Tangu hapo ghala lote linategemea diski hiyo moja, na kwenye ghala lenye RAIDZ haiwezi kuondolewa tena. Njia pekee ya haraka ni kuiwekea diski hiyo pacha wake kwa `zpool attach`. Kulisafisha kabisa ni kuunda ghala upya.

Siku ya 48: ukaguzi wa kwanza wa mwezi

`zpool scrub` imemaliza, makosa sifuri. Ratiba ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi usiku, na kipimo kirefu cha SMART katikati ya mwezi ili visigongane.

Kuhusu ujazo wa baadaye: OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, inaruhusu kuongeza diski moja moja kwenye RAIDZ, ingawa data ya zamani hubaki na uwiano wake wa zamani wa pariti hadi iandikwe upya. Chasisi yetu imejaa, kwa hiyo njia yetu itakuwa kubadilisha diski moja baada ya nyingine kwa kubwa zaidi huku `autoexpand=on`, na ukaguzi kamili kati ya kila moja na inayofuata.

Diski ya akiba imepita `badblocks` leo asubuhi. Iko kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, imeandikwa tarehe, juu ya rafu iliyo kando ya chasisi.